Sadiya Hakosi Hata Neno

"Sikusema usome tena! Nimesema uniambie nini iko ndani!"

"Si nimesoma? Nimekosa wapi?"

"Hujakosa. Sasa huyu mama ya kitabu analia kwa nini?"

Sadiya akafunga macho, akaanza kuyumba, akaimwaga habari yote tena kwa Kiingereza, toka juu mpaka chini. Kakake Tahiru akajishika kichwa. Huyu mtoto ana miaka kumi na mbili, na pale chuo cha Kurani Awindiri hakuna wa kumshinda. Ukisoma ubao wako bila kukosa, fakii, mwalimu wa chuo, anakuambia uoshe, uandike mwingine. Maana yake utaelezwa ukikua. Basi na kitabu cha shule anakifanya vilevile. Muhula uliopita, maswali kumi, kila swali aliandika habari nzima. Mwalimu akamchapa, eti ameibia.

Mtihani mwingine ni Jumatatu. Baba amesema akianguka hakuna kurudia darasa: anakwenda Koboko kwa shangazi, akae angoje bwana.

"Sikia," Tahiru akasema. Yeye ni taniboi, utingo wa lori. "Juzi tumekwama kwa matope Oraba. Dereva Ladu akavua viatu yake mpya, akaweka mbele ya tairi. Tukasukuma, gari ikaruka. Ladu akalia kama mtoto. Kwa nini?"

Sadiya akacheka mpaka akashika tumbo. "Gari imekanyaga viatu!"

"Nani amekuambia? Mimi sijasema."

"Si inajulikana tu!"

"Ehee! Fanya hivyo kwa kitabu."

Sadiya akainama, akaweka kidole. "Hii neno ni nini?"

Tahiru akaangalia. Kulitamka angeweza, tena vizuri. Lakini shule aliacha darasa la nne. "Sijui."

"Na hii?"

"Hiyo pia sijui."

"Sasa mimi nitajua namna gani, kaka?"

Elena angejua, yule mkimbizi aliyekaa nyumba ya pili, aliyekuwa mwalimu kwao. Lakini amani ya Sudan imekuja, naye amepita mpaka wa Kaya na watu wake, amerudi kwao tangu mwaka jana. Tahiru akatazama picha: mama, kikapu, kitambaa machoni.

"Amefiwa na mume," akabahatisha.

"Kweli?"

"Kweli."

Sadiya akaandika, polepole, herufi safi kabisa. Akainua uso, macho yanang'aa.

"Haya, na swali ya pili?"

Tahiru, asiweze kumdanganya tena, akageuka, akashika njia ya barabarani.