Futi Kamba ya Kupimia Kilimia

Saa nne asubuhi, wakati wa chai, kundi la nyota la Kilimia lilishuka dirishani mwa ofisi ya vipimo, na nyota moja ikashika ncha ya futi kamba. Mpimaji mdogo, aliyefanya kazi hapo na dada yake, akashika ncha ya pili, akasoma: miaka mia nne na arobaini ya mwendo wa mwanga. Akaandika, akashukuru, nyota zikapanda.

"Hiyo futi ina muhuri wa vipimo?" mkurugenzi aliuliza.

"Inao, mzee."

"Haya. Funga dirisha, karatasi zinapeperuka."

Kwenye meza ya pili, dada mtu alipaliwa na chai. Kilimia ilikuwa yake! Miaka kumi na mmoja ameipiga picha kila Januari na kila Julai, dunia ikiwa upande huu wa jua na kisha ule, akipima kwa lenzi kila nyota imeonekana kusogea kiasi gani. Inayosogea kidogo ndiyo iliyo mbali. Jibu lake, mia nne na arobaini, lilikuwa kwenye droo likisubiri Julai moja tu ya kuhakikisha. Na huyu aliyemlea mgongoni, aliyemwombea kazi kwa mdomo wake mwenyewe, ana miezi mitatu hapa.

Mdogo wake alipokwenda kuosha vikombe, dada mtu aliichukua futi, akainyoosha dirishani. Haikushuka hata nyota moja. Wivu ukampanda. Akaifunga futi kwenye kiti cha mdogo wake, akaivuta hadi kwenye chake, hatua mbili, akasoma. Mia nne na arobaini. Akarudia mara tatu, kama kazi inavyotaka, kisha akaandika.

Mchana alitoa jibu lake la kwenye droo, akampelekea mkurugenzi.

"Jina langu litangulie la mdogo wangu," alisema.

"Usijali, mama."

Ijumaa ripoti ilitoka. Vipimo viwili, jibu moja, jina moja: la mkurugenzi.

Waliisoma kila mtu mezani kwake. Dada mtu hakumtazama mkurugenzi. Alimkazia macho mdogo wake.

"Umefurahi sasa?"

Mdogo mtu alifumbua mdomo. Midomo ilionekana kusema, "Dada, tumeibiwa." Sauti haikufika, ndiyo kwanza ilikuwa inaondoka kwenye kiti chake.

Mkurugenzi alipita katikati yao kwa hatua mbili, akachukua futi, akaenda nayo ofisini kwake.