Umesiliba?

Neno la kwanza alilolisikia Kuang Wanqiu kila asubuhi mwaka ule halikuwa "umeamkaje" wala "njoo ule". Lilikuwa "umesiliba?" Mama yake alilitupa kutoka jikoni, mvuke wa mikate ukimficha uso, na Wanqiu alijibu akiwa bado kitandani, "Nimesiliba, Mama," ingawa mle chumbani hapakuwa na karatasi wala penseli. Kama umewahi kusikia nyumba nzima ikipata wazimu mmoja, basi ni ile.

Wazimu wenyewe ulianzia kwenye mtihani wa kuingia chuo kikuu wa mwaka uliotangulia. Karatasi ya Kiingereza huanza na sehemu ya kusikiliza. Sauti hutoka kwenye spika juu ya ubao, mazungumzo baada ya mazungumzo, na mwanafunzi huweka alama za majibu yake pembeni mwa maswali. Yakimalizika, hupewa dakika mbili za kuyahamishia kwenye kadi, kwa kusiliba viduara kwa penseli mpaka viwe vyeusi. Kadi ndiyo inayosomwa na mashine. Kilichoandikwa kwenye karatasi ya maswali hakisomwi na mtu yeyote duniani.

Sasa wanafunzi wa mji wetu ni wajanja kuliko inavyowafaa. Waligundua kwamba dakika mbili zile zinatosha kusoma kifungu cha kwanza cha ufahamu, na kwa kuwa vifungu ni virefu na muda haumtoshi mtu, wakaanza kuruka. Soma kwanza, utasiliba mwisho. Darasa zima la Wanqiu lilifanya hivyo kwenye mitihani ya majaribio na wakajiita wezi wa dakika. Siku ya mtihani wenyewe Wanqiu aliiba dakika zake mbili, akasoma kifungu chake vizuri sana, akaendelea na vingine, akazama kwenye insha, na kengele ikalia. Msimamizi alipoichukua kadi, Wanqiu aliviona viduara vya kusikiliza vyote vikiwa vyeupe kama meno ya mtoto. Zilikuwa alama thelathini. Chuo cha ualimu alichokitaka alikikosa kwa alama kumi na moja.

Baba yake, ambaye hupiga lipu majengo ya Hangzhou na hurudi nyumbani mara moja kwa mwaka, hakumgombeza. Alisema kwenye simu, "Rudia mwaka mmoja. Mmoja tu, mwanangu. Ukishindwa tena utakwenda kwa shangazi yako Zhuji, kwenye kiwanda cha soksi." Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomnyima Wanqiu usingizi. Shangazi alikuwa ameshona vidole vya soksi tangu akiwa na miaka kumi na saba, na siku hizi hata mlangoni alikuwa akipapasa kitasa kabla ya kukiona.

Kwenye darasa la warudiaji walimwita Thelathini. Jina alilitoa Geng Xiaoman, aliyekaa naye dawati moja, msichana mnene mwenye mdomo usio na kufuli, ambaye mwenyewe alikuwa akirudia kwa mara ya pili.

"Thelathini, niazime kifutio."

"Nina jina."

"Unalo, lakini halina alama yoyote. Niazime."

Mwalimu Bao, aliyewafundisha Kiingereza, alikuwa mbaya zaidi kwa sababu yeye hakuwa akitania. Kila asubuhi kabla ya uji aliwafungulia kanda ya kusikiliza kwenye spika inayokoroma, na ilipokwisha alitembea kati ya madawati akiwa na rula mkononi. Aliyemkuta ameshafunua ukurasa wa ufahamu kabla ya kusiliba alipigwa rula ya bega. "Alama moja inawazika watu elfu," alikuwa akisema. "Kila anayeanguka, wewe unapanda nafasi moja. Basi angalieni anayeanguka asiwe mmoja wenu." Wanqiu aliyaandika maneno hayo ukutani juu ya kitanda chake, na hakuyapenda hata siku moja.

Siku ya Kiingereza mji ulinyamazishwa. Magari yalikatazwa kupiga honi karibu na shule, wajenzi waliteremka kwenye majukwaa yao, na akina mama wanaocheza ngoma kila alasiri kwenye uwanja wa posta walizima spika yao kubwa wakacheza bila muziki, wakihesabu hatua kwa midomo. Wanaume wawili wa manispaa walishinda wakichokoa miti ya mbele ya shule kwa mianzi mirefu, wakiwafukuza nyenje wasije wakapiga kelele wakati wa kusikiliza. Baba alipiga simu adhuhuri. "Huku nako wametusimamisha kazi," alisema. "Nimekaa tu. Sijui nifanye nini na mikono."

Mama alivaa qipao nyekundu, lile gauni la Kichina linalobana mwili, kama mama wengine wote wanaotafuta bahati langoni. Alikuwa ameiazima kwa jirani mwembamba kuliko yeye, na tangu asubuhi alikuwa akipumua nusu nusu.

"Penseli?"

"Mbili, Mama."

"Kifutio?"

"Kipo."

"Ukimaliza kusikiliza unafanya nini?"

"Nasiliba."

"Kabla ya kufanya nini?"

"Kabla ya chochote. Mama, watu wanatuangalia."

"Wacha waangalie. Mwaka jana niliona haya kukuuliza mbele yao."

Wanqiu alizinyanyua penseli zake mbili mama azione. Aliingia, akakaguliwa kwa mashine mpaka kwenye nyayo, akaketi kwenye nafasi aliyopangiwa kwa kura, safu ya kati, spika ikimtazama moja kwa moja. Mbele alisimama msimamizi mwanamke mwenye nywele za kijivu zilizofungwa nyuma, na nyuma kabisa aliketi mwingine, mwanamume mwenye viatu vinavyolia. Kamera ilikuwa kwenye pembe ya dari. Kulia kwake alikaa msichana mrefu wa shule nyingine, kola ya koti lake la michezo imesimama, anayezungusha kalamu vidoleni kana kwamba amekuja kumsubiri mtu.

Sauti ilianza. Mwanamume na mwanamke walikuwa wakibishana kuhusu tiketi za treni, na moyo wa Wanqiu ulidunda kwa nguvu kiasi kwamba jibu la swali la pili lilimpita. Aliliacha liende, kama Mwalimu Bao alivyowafundisha: ukilikimbilia moja lililopita, linakuja la pili nalo linapita. Yaliyofuata aliyashika. Palikuwa na mama aliyepoteza mwavuli, kijana anayeomba kazi kwenye mkahawa, mzee anayesimulia alivyojifunza kuogelea uzeeni. Sauti ilipokoma na kuwatangazia dakika mbili, Wanqiu alivuta kadi karibu, akasiliba. Alisiliba kwa nguvu mpaka ncha ya penseli ikakatika, akachukua ya pili. Alikagua kuanzia juu, akakagua tena kuanzia chini. Vyote vilikuwa vyeusi. Alitamani kuinyanyua kadi ile dirishani mama yake aione.

Ndipo akamwona yule msichana mrefu.

Alikuwa ameshafunua ukurasa. Macho yake yalikuwa kwenye kifungu cha kwanza cha ufahamu, kalamu ikitembea chini ya mistari, na kadi yake ilikuwa ubavuni, nusu chini ya mkono. Nusu iliyobaki wazi ilikuwa nyeupe. Wanqiu aliiona kwa jicho moja tu na kwa muda mfupi, kwa sababu kuangalia zaidi ya hapo ni wizi wa mtihani. Lakini aliona.

Alirudi kwenye karatasi yake. Kifungu kilihusu mji mdogo wa Kanada ambako watu walihamisha vitabu vya maktaba kwa kupokezana mkono kwa mkono. Alisoma sentensi ya kwanza. Aliisoma tena. Maneno yote aliyajua, moja moja, ila hayakutaka kushikana. Kila alipofika kwenye nukta alijikuta mbele ya viduara vyeupe, na hakujua kama ni vya yule msichana au ni vyake vya mwaka jana.

Hayanihusu, alijiambia. Kila anayeanguka, mimi napanda nafasi moja. Na palepale akaona aibu kali, aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto, kwa sababu kwa sekunde nzima wazo lile lilikuwa limemfurahisha.

Kumwambia ilikuwa haiwezekani. Ukisema neno moja na mtahiniwa mwenzako unafutiwa masomo yote, hata ya jana. Kunong'ona, kukohoa kwa makusudi, kugonga dawati, yote hayo ni namna ya kuongea, na kamera haina huruma. Kilichoruhusiwa ni kimoja: kunyoosha mkono, kama karatasi yako haikuchapwa vizuri. Wanqiu alisoma sentensi ya kwanza kwa mara ya nne. Kisha akaona mkono wake uko juu.

Msimamizi mwenye nywele za kijivu alikuja. "Karatasi ina kasoro?"

"Hapana, mwalimu. Samahani." Alijilazimisha kusema kwa sauti ya darasani, si ya kunong'ona. "Naomba kuuliza. Majibu ya kusikiliza, ni lazima tuyasilibe kwenye kadi?"

Mtu alicheka kwa pua. Msimamizi alimtazama kama anayemtazama mgonjwa. "Maelekezo yapo kwenye karatasi. Swali la namna hiyo mimi silijibu."

"Nilitaka tu kuwa na uhakika kwamba kwenye kadi ndiko..."

"Endelea na karatasi yako."

Viatu vinavyolia vilitoka nyuma, vikaja, vikasimama kando ya dawati lake. "Neno jingine," alisema yule mwanamume kwa sauti ya chini, "na jina lako linakwenda kwenye ripoti. Umenielewa?"

Wanqiu aliitikia kwa kichwa. Aliyaona mambo yote mbele yake kwa mpangilio: jina lake kwenye ripoti, mama langoni ndani ya qipao ya watu, shangazi akimpokea kituoni kwa kupapasa.

Na yule msichana mrefu? Alikuwa amegeuza uso nusu, akamtupia Wanqiu jicho la dharau, akanyanyua mkono wake kujikuna shingo. Chini ya mkono, ile nusu ya kadi iliyokuwa imefichika ilikuwa na viduara vyeusi, vyote, safi kuliko vya Wanqiu. Sehemu nyeupe ilikuwa ya ufahamu, ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameifikia. Alikuwa amesiliba kitambo.

Wanqiu alitaka kulia. Mwaka mzima wa kuitwa Thelathini, mwaka mzima wa "umesiliba?", na amekuja kuuweka rehani kwa mtu ambaye hakuhitaji chochote kwake. Mjinga, alijiambia. Mjinga wa kurudia. Viatu vilikuwa bado vimesimama pale pale.

Halafu aliisikia. Ilitoka nyuma yake, karibu, labda dawati la pili. Ilikuwa penseli, si kalamu. Kwaru, kwaru, kwaru, kituo kidogo, kwaru, kwaru, kwaru. Mtu alikuwa akisiliba, na hakuwa akisiliba jibu moja na kusoma, jibu moja na kusoma, kama wanavyofanya watu kwenye ufahamu. Alikuwa akisiliba mfululizo, haraka, akipumua kwa mdomo kama aliyekimbia ngazi. Iliendelea. Wanqiu alishika ukingo wa dawati ili asigeuke, kwa sababu kugeuka nako ni kosa. Penseli iliendelea mpaka ikamaliza, na mtu huyo akashusha pumzi ndefu inayotetemeka, na pakawa kimya.

Viatu viliondoka.

Wanqiu aliinama, akasoma sentensi ya kwanza. Watu wa Kanada walisimama mstari barabarani, kwenye baridi, na vitabu vikaanza kupita. Safari hii alielewa. Alikuwa amepoteza muda mwingi na alilijua hilo, na mwishoni aliifunga insha yake kwa mistari michache kuliko alivyopanga, mkono ukimuuma. Kengele ilipolia aliweka penseli chini. Kadi zilikusanywa, waliambiwa watoke safu kwa safu, na walipofika ukumbini kila mtu alikuwa amechanganyika na kila mtu. Alitafuta uso wa mtu aliyetetemeka. Karibu wote walikuwa na uso huo.

Langoni akina mama walijaa wekundu kama pilipili zilizoanikwa. Mama yake alikuwa mbele, mshono wa ubavu wa qipao umefumuka, na hajui. Kabla hajafungua mdomo, yule msichana mrefu alipita na wenzake akisimulia kwa sauti.

"Haki ya Mungu, chumbani kwetu kulikuwa na chizi. Kanyoosha mkono kuuliza eti ni lazima kusiliba."

Wenzake walicheka. Mama naye alicheka, kicheko kilichomtoka chenyewe, cha kwanza ambacho Wanqiu alikisikia tangu mwaka jana, na ubavu wa nguo ukafumuka zaidi.

"Umemsikia huyo?" Mama alisema, akijifuta macho. "Kumbe kuna walio hoi kuliko sisi." Kisha kicheko kikamwisha, akamshika Wanqiu mikono yote miwili, na hofu ikarudi usoni pake yote kwa pamoja. "Na wewe? Umesiliba?"

"Nimesiliba, Mama."

"Vyote?"

"Vyote. Na wa nyuma yangu pia."

"Nani huyo?"

"Simjui," alisema Wanqiu, akavua koti lake, akamfunika mama yake ubavu, na wakaanza kutembea.