Kodi ya Mtani

Jenifa alikuwa na mdomo, na Chang'ombe nzima ilijua. Kwenye mgahawa wake ulikula ugali na mlenda, ukashushia na maneno yake. Lakini Novemba hii mgahawa ulikuwa unajengwa upya, kuta tupu. Alipikia uani chini ya turubai, na kila mawingu yalipojikusanya upande wa Kongwa, aliacha mwiko akayatazama. Mvua ya Dodoma huringa mwaka mzima, halafu ikija haina adabu. Ikikuta kuta zile za matofali mabichi hazina paa, riziki yake yote itageuka tope.

Kazi ya paa alikuwa amempa Almas, mkandarasi kijana mwenye ofisi mjini. Almas hakupanda juu hata siku moja; kazi aliigawa kwa Zablon, fundi wa mapaa mwenye kampuni yake ndogo. Zablon ni Mnyamwezi, Jenifa ni Mgogo, basi ni watani. Walianza kutukanana tangu kenchi ya kwanza, ile mbao ya kubeba paa, inapandishwa, na wapita njia wakawa wanasimama kucheka.

Kenchi zilipokwisha, Almas akaja na bei mpya. Ilikuwa imevimba, na alisema wazi kwamba bila nyongeza ile mabati hayapigwi.

“Ni VAT, Mama. Ya fundi, na ya kwangu juu yake.”

Jenifa hakuwa mkwepa kodi. Alijua ukinunua bati dukani kodi imo ndani ya bei, na fundi aliyelinunua lazima aifidie, hawezi kula hasara; lakini hiyo ilikwisha kuhesabiwa kwenye bei ya mwanzo. Alijua Almas amesajiliwa, akikata anapeleka serikalini. Lakini Zablon? Zablon huyu huyu, akiramba vidole mbele ya sahani yake, alikuwa amejisifu kwamba biashara yake bado ndogo, hajasajiliwa VAT! Kodi gani sasa anatoza?

Akamwuliza papo hapo, mwenyewe akiwa juu ya kenchi.

“Mwizi wewe! Hiyo VAT yako unaipeleka wapi?”

“Tumboni, mtani!” Zablon akajipiga kitambi. “Dukani wamenikata, na mimi nakata. Kwani mimi sina meno?”

Uani wakaangua kicheko. Hata Almas alicheka.

“Babu zenu,” Jenifa akamrudishia, “walibeba mizigo ya watu mpaka pwani! Wewe ndiyo umeamua kutubebesha sisi?”

“Mgogo bwana! Akiambiwa alipe, anaanza kuomba.”

Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Jenifa alisikia damu ikimpanda kichwani. Mtu amekiri mchana kweupe, mashahidi tele, na mashahidi wenyewe wanashika mbavu! Wiki nzima alimwita mwizi, asubuhi na jioni, na wiki nzima Zablon akafurahi na kumjibu. Ndiyo taabu ya utani. Mtani wako hakasiriki, na ukikasirika wewe, hakuna anayekusikia.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba uongo wa Zablon haukuishia kwa Zablon. Almas aliuchukua ulivyo, akauchanganya na bei ya kweli, kisha akavitoza vyote viwili asilimia kumi na nane. Kodi ikazaa kodi, na mlezi akawa Jenifa. Alifikiria kupandisha bei ya chakula. Halafu akawatazama wabeba zege wawili waliozoea kula sahani moja, akaona haya. Akiwatwisha wale, yeye atakuwa nani kama si Zablon mwingine?

Wiki ilipokwisha, asubuhi Almas alipokuja kuchukua jibu la ile bei mpya, ngurumo zilikuwa zimeshaanza. Jenifa alitoka amevaa kitenge chake cha kanisani. Akasimama chini ya ngazi.

“Habari za asubuhi, Bwana Zablon.”

Zablon, aliyekuwa juu akikazia misumari ya kenchi, akasimamisha nyundo. Wabeba zege wakaacha kutafuna. Tangu lini mtani akakuita bwana?

“Mtani, vipi, unaumwa?”

“Mimi mzima, Bwana Zablon. Naomba uniambie mbele ya Bwana Almas. Umesajiliwa VAT?”

Zablon alitafuta la kuchekesha, akalikosa.

“Sijasajiliwa.”

Jenifa akamgeukia Almas. “Ulikuwa unajua?”

“Sikumwuliza, Mama. Fundi akileta bei, mimi naongeza yangu tu.”

“Hukuuliza kwa sababu haikutoka mfukoni mwako!” Akawatazama wote wawili. “Kodi ya serikali nitalipa, na risiti nataka. Ya tumbo la mtu silipi. Kama mabati hayapigwi, yaacheni, mvua inyeshe, watu waone kuta za mgahawa wangu zimeangushwa na nani.”

Hakuna aliyecheka. Almas aliinamia simu yake, akapiga hesabu upya, na bei aliyoitaja safari hii ilikuwa ile waliyokubaliana tangu mwanzo, yenye VAT yake yeye tu. Zablon alishuka mwenyewe kuchukua bati la kwanza.

Walipiga mabati mbio mbio, matone ya kwanza yakiwaangukia mgongoni. Jioni Zablon alikuja chini ya paa jipya, mvua ikilitwanga, akakaa pale pale anapokaa siku zote. Jenifa akamwekea sahani, akamkaribisha kwa heshima zote.

“Karibu chakula, Bwana Zablon.”

Zablon hakugusa ugali.

“Basi, mtani, yamekwisha. Niite hata mwizi.”

“Mwizi nilikuita wiki nzima,” Jenifa akasema. “Ukacheka.”