Shati la Kuapishwa

Jumatatu asubuhi diwani Mwololo aliinama kupita mlango wa fundi Nzilani, sokoni Kabati, maana mkono wake wa kulia ulikuwa juu. Ulikuwa juu tangu Machi, siku alipoapa mahakamani kwamba marehemu Mutie, mumewe Nzilani, alimuuzia shamba, na kwamba shambani humo hamna kaburi. Hakimu alimwambia ashushe mkono. Haukushuka. Kesi ikaendelea hivyo hivyo, akashinda.

Mutie amezikwa humo humo, kando ya mibaazi. Mwololo mwenyewe alikula wali wa mazishi, akaomba kuongezewa.

Nzilani alikwenda polisi kutaka ashtakiwe kwa kuapa uongo. Sajenti aliandika yote, akafunga daftari.

"Mama, mkono si ushahidi. Na tukianza kushika waheshimiwa juu ya kudanganya, nani atabaki wa kupitisha bajeti?"

Wakati wa kampeni mkono ulimfaa. Watu wa kando ya barabara walidhani anawapungia, nao wakampungia. Hata wanaojua ukweli walipunga: ukisalimiwa, itikia. Akachaguliwa tena.

"Ile shati ya mwisho ilinipasuka kwapa," alisema sasa. "Hii ya kuapishwa ufanye strong."

"Mafundi wameisha Kabati?"

"Wengine hawajui kupima mkono ikiwa juu. Wewe umezoea."

Nzilani alikuwa amechoka, na hata kukataa ni kazi. Akachukua futi, akampima, akapanga kuweka kiraka cha pembe nne kwapani, kama anavyoshonea majoho ya kwaya.

"Mwololo, kaburi uliliona ama hukuliona?"

"Niliona, mama. Lakini nilikuwa nimeshaapa."

Aliandika kipimo cha kwapa.

Alhamisi, kwa kuwa mkono ulikuwa juu tayari, karani alianza na Mwololo. Aliapa vizuri, bila kukwama, na watu wakapiga makofi. Nzilani alisimama nyuma akiangalia kwapa tu. Mshono ulishika.

Jioni alisimama nje ya ua ambao diwani alizungushia shamba, pale waya unapokaribia mibaazi, akamwambia Mutie kwamba shati limetosha. Halafu akashika njia ndefu kurudi kwenye chumba alichopanga sokoni, maana ile fupi inapita ndani ya shamba.