Chaza wa Baba

... na bado anapayuka, simu iko mezani, spika imewashwa, na Kerrin hamjibu baba yake, macho yake yako kwenye kompyuta ya maabara ambako herufi za jeni za virusi zimejipanga kwa rangi, kijani, nyekundu, buluu, na si ukoo mmoja, ni koo tatu, tatu katika kinyesi cha bi harusi, tatu katika kinyesi cha mjomba wake, tatu kwa kila mtu aliyekaa kwenye harusi ile ya Jumamosi akafyonza chaza wabichi kwa limau, "We Kerrin! Umelala?", hajalala, mzee, endelea, jichimbie mwenyewe, "nakwambia ni yule msichana wa jikoni, yule Mnepali, Sarmila sijui nani, alikuja kazini huku anatapika, kila mtu anajua!", kila mtu, yaani yeye na Brett, kaka mtu, aliyepewa vitalu vya chaza wakati hata kupwa na kujaa hajui kusoma, huku Kerrin aliyeshinda majini tangu utotoni, mikono imechanwachanwa na magamba, akaambiwa boti si mahali pa mwanamke, haya, akaenda zake Hobart kusoma, akarudi kuwa kichekesho cha baba kila sikukuu, "mpima mavi wetu huyoo, fungueni madirisha!", na Brett anacheka mpaka bia inamtoka puani, cheka, Brett, cheka na leo... maana kama Sarmila ndiye aliyechafua sahani, wote wangeugua kwa ukoo mmoja tu, ule wa tumboni mwake, lakini koo tatu kwa kila mgonjwa ni vyoo vya mji mzima, ni maji taka yaliyofurika kwa mvua ya Alhamisi yakamwagika ghubani, na chaza anakunywa kila kinachopita, ndiyo maana mvua kubwa ikinyesha ghuba inafungwa, havuni mtu, hata mtoto wa kule anajua, na baba amevuna Ijumaa, kavuna tu, harusi ingemngoja nani... ah, raha, raha chafu ya kulamba vidole, ripoti ikitoka leseni hana, vitalu hana, atakaa barazani na Brett wake watazamane kama paka wawili, "jana wamemfukuza yule msichana, afadhali," sauti inasema, "ati analia, mimi nifanye nini, we andika ni yeye, yaishe," yaishe, mshenzi wewe, yaishe kwa nani... halafu baba anakohoa, sauti inashuka, "Kerrin. Hao wadudu wako... ni ukoo mmoja, siyo? Hawajachanganyika?", na kidole cha Kerrin kinaganda juu ya kitufe, kwa sababu hilo si swali la mvuvi, hilo nani kamfundisha... yeye, yeye mwenyewe, Krismasi moja mezani, watoto wa Brett walimuuliza shangazi unafanya kazi gani, akawapangia njegere na karoti na mahindi kwenye kisahani, hii peke yake ni mpishi, hizi zikichanganyika ni bomba la choo, na mzee alikuwa amempa mgongo, anatazama kriketi, hakugeuka hata mara moja, Kerrin akaenda kulia garini, akisema naongea na ukuta, kumbe ukuta ulikuwa unasikia, neno kwa neno, umeweka... basi alijua, Ijumaa alipovuta vikapu kwenye maji ya tope alijua, alipomtaja Sarmila alijua, na raha yote imemkauka Kerrin mdomoni, miaka yote hii amemchukia mzee asiyejua binti yake anafanya nini, na mzee huyo hakuwapo, alikuwapo huyu, aliyeelewa vizuri na bado akafungua madirisha, "Mmoja, siyo? Eh? Mwanangu?", mwanangu, leo ndiyo anaitwa mwanangu, na herufi ziko palepale, kijani, nyekundu, buluu, na Kerrin anatafuta ile chuki yake ya zamani aishike, anaiona ndogo, haimtoshi mtu huyu...