Uchovu Uliopanda Meli

Kitanda cha mfamasia kilikuwa hakionekani. Juu yake palikuwa na kaptura za kutembelea melini, mashati ya kulia chakula cha jioni, mashati mengine ya kusubiria chakula cha jioni, kofia pana za mkewe zilizovishwa moja juu ya nyingine, na viatu vingi kuliko miguu iliyokuwa ikisafiri. Mkewe alikuwa mbele ya kioo akijaribu miwani ya jua. Mfamasia mwenyewe alikaa ukingoni ameshika soksi moja. Alikuwa ameishika tangu kifungua kinywa, na kwa hesabu yake alikuwa anasaidia.

Aliyekuwa akifungasha ni dada yake mkubwa. Jina lake lilikuwepo, lakini mtaa mzima ulimwita Dada Pasi, kwa kuwa alikuwa dobi wa nyumba ya wageni na shuka likipita mikononi mwake lilitoka limenyooka kuliko ukuta. Kila mwaka mfamasia na mkewe walipanda meli ya starehe, ile inayozunguka visiwani na kurudi ilikotoka bila kupeleka mzigo wala kuleta mzigo. Kila mwaka Dada Pasi aliomba likizo kazini ili awafungie masanduku, abaki na Mama ambaye hakuwa akiinuka kitandani, kisha awapokee na kufua walichorudi nacho. Na kila mwaka aliambiwa kwamba mwaka ujao ni zamu yake. Ahadi ni deni, wasemavyo watu, lakini mdogo wake hakuwahi kukosa usingizi kwa deni la aina hiyo.

Safari hii, hata hivyo, mfamasia alikuwa ameapa mbele ya Mama. Mwaka ujao yeye na mkewe wangebaki, na Dada Pasi angepanda meli. Dada Pasi alikuwa ameshajua atakachokifanya huko. Hakutaka bwawa wala muziki. Alitaka kulala kwenye kitanda kilichotandikwa na mtu mwingine, na asubuhi akiache jinsi kilivyo, aende zake. Alilitaka jambo hilo mpaka akaona haya kulisema.

Sanduku kubwa lilipokataa kufungika, alifanya kama ilivyo desturi ya nyumba ile, akalikalia. Wale wawili wakashuka chini kuagana na Mama. Nguo ziliposhindiliwa vya kutosha, Dada Pasi akasimama, lakini uchovu wake haukusimama naye. Ulibaki umekaa juu ya sanduku.

Aliuangalia kidogo. Ulikuwa na rangi ya maji ya kufulia, mnene kuliko alivyodhani, na ulikuwa umebonyea mahali ulipozoea kulalia bega lake. Haukuonyesha dalili ya kutaka kurudi. Akafungua sanduku, akaona kwamba kati ya viatu na joho la kuogea pamepatikana nafasi. Akaukunja mara tatu kama anavyokunja sweta, akauingiza hapo, akavuta zipu. Teksi ilipokuja alibeba masanduku yote mawili kwa mkupuo mmoja, na dereva akampisha.

Kesho yake alimwogesha Mama, akafua mapazia, akasugua tangi la maji na kuyasogeza makabati ili afute nyuma yake, mahali ambapo hapajawahi kumkosea mtu. Ilipofika saa sita mchana alikuwa anatafuta kazi nyingine kama mtu anayetafuta miwani. Usiku usingizi ulikuja kwa ajili ya heshima tu, ukakaa kidogo, ukaaga.

Mama, ambaye kwa kulala kwake kutwa alisikia kila kitu, aliona tofauti.

"Siku hizi huguni ukinigeuza," alisema.

"Uchovu wangu umesafiri, Mama."

"Na nani?"

"Na mdogo wangu. Niliuweka karibu na viatu."

Mama akawaza. "Ungekwenda wewe, ukauacha huo hapa na mimi. Tungeelewana."

Dada Pasi alicheka. Ni muda mrefu alikuwa hajacheka na Mama, kwa sababu kucheka nako kunahitaji nguvu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, wakasengenya majirani mmoja baada ya mwingine bila kumruka mtu. Alifurahi sana. Akamwambia Mama kwamba mwaka ujao atakwenda mwenyewe, mdogo wake ameapa.

Wasafiri walirudi alasiri moja yenye joto. Mfamasia alishuka kwenye teksi shingo imebabuka kwa jua, mkewe akashuka na kofia ambayo hakuondoka nayo. Uchovu ulishuka mwisho, maana ulikuwa umekaa kiti cha mbele. Ulikuwa umenenepa. Ulikuwa umevaa joho la kuogea la mfamasia, na rangi yake ilikuwa imeiva vizuri kama chai ya maziwa.

Habari zake zilisimuliwa sebuleni. Walipofungua sanduku walidhani ni mto, wakauweka kitandani. Mhudumu wa chumba ndiye aliyeutambua. Aliwaambia kwamba kila safari huja uchovu wa watu kadhaa, wa dada, wa mama, wa mayaya, na kwamba viti vyake vipo upande wa nyuma wa meli penye kivuli. Lakini huu haukukaa nyuma. Ulipendwa na watu. Yeyote aliyekaa karibu nao alisinzia papo hapo, akalala usingizi wa mtoto aliyenyonya akashiba, na abiria wakaanza kuugombania. Nahodha aliuita mezani kwake. Ulikula kila kilicholetwa, ukashinda karata, na asubuhi uliamka saa ulizotaka huku mhudumu akitandika.

"Wifi, sisi hatujawahi kulala namna ile," alisema mke wa mfamasia, na alisema kweli.

Dada Pasi alikuwa ametegemea kwamba uchovu ukipumzika utapungua. Kumbe uchovu uliopumzika ni uchovu wenye nguvu mpya. Ulivua joho, ukamrukia mgongoni kama mtoto anayerudi kwenye mbeleko yake. Dada Pasi akashika ukuta. Kisha akaburuta sanduku la nguo chafu mpaka uani.

Baada ya chakula, akiwa amekaa kwa kuwa kusimama kulishindikana, aliuliza habari ya zamu yake. Aliuliza polepole, kama mtu anayeuliza saa.

Mfamasia alishangaa. Hilo ndilo jambo pekee lililomshangaza mtu yeyote katika nyumba ile.

"Dada, si umeshakwenda?"

"Mimi nilikuwa hapa."

"Mtu akienda kupumzika anapeleka nini? Anapeleka uchovu. Wako umekwenda, umekula, umelala, umekaa meza moja na nahodha. Mimi mwenyewe sijaitwa kwenye ile meza. Sasa wewe ungefuata nini huko?"

Alisema bila hila, kwa sauti ile anayomwelezea mgonjwa kwamba vidonge ni baada ya kula. Mkewe aliongeza kwamba isitoshe, nyumba haijawahi kung'aa kama wakati ule uchovu ulipokuwa safarini, na ingekuwa makosa kuharibu utaratibu unaomfaa kila mtu. Kutoka chumbani Mama alisema kwamba binti yake hajakwenda popote.

"Mama, meli nzima imemwona," alijibu mfamasia, akaongeza sauti ya televisheni.

Dada Pasi alikuwa na majibu. Alikuwa nayo mengi, mazuri, na baadhi yalikuwa makali kabisa. Lakini uchovu ulikuwa umemlalia midomoni, akasinzia kwenye kiti kabla hajapata la kuanzia. Iliuma, na iliendelea kuuma usingizini.

Mwaka uliofuata kitanda cha mfamasia kilipotea tena chini ya nguo. Uchovu haukusubiri kukunjwa. Uliteremka wenyewe ulipoona kofia, ukachukua joho, ukatangulia kwenye teksi na kukaa kiti cha mbele, dirisha limeshushwa. Meli ilikuwa imeshatuma salamu kuuliza kama utakuja. Mke wa mfamasia alimwomba wifi yake kwamba, kwa kuwa atakuwa mwepesi, alipake rangi duka la dawa pia, ndani na nje. Mfamasia akasema mwaka ujao wataangalia. Safari hii hakuapa.

Jirani aliyekuwa akimwaga maji getini kwake aliona teksi ikiondoka na masanduku. Alipenda kujua mambo ya watu, kama tunavyopenda sote.

"Nani anasafiri leo?" aliuliza.

Dada Pasi aliitazama teksi mpaka ikakata kona.

"Mimi," alisema, akaenda kukoroga rangi.