Amplifaya na Nyenje Walionyamaza

Mwaka ule nyenje waliuhama mlima, na ajabu ni kwamba Bartholomeo peke yake ndiye aliyeliona hilo. Kila asubuhi alisimama uani kwake, chini kabisa ya Uluguru, akitazama ukungu ukishuka polepole kama mgeni asiye na haraka. Kimya kilikuwa kizuri mno. Alikipenda, maana mtu wa gitaa bila kimya hana pa kuwekea vitu vyake.

Kilichomuudhi ni amplifaya. Ile yake ya zamani ilikuwa imeanza kutoa sauti ya mtu aliyejifunika blanketi. Kila Jumamosi alasiri alikuwa akipiga jazi kwenye bustani ya nyumba moja ya wageni, na Jumamosi mbili mfululizo watu walikuwa wamehamisha meza zao mbali naye. Mwenye nyumba alimwambia, kwa heshima zote, kwamba Jumamosi ya tatu mashine isipokaa sawa itabidi apumzike. Apumzike! Ana miaka sitini na tatu, na gitaa ndilo linalomwamsha asubuhi. Apumzike aende wapi?

Basi Jumamosi hiyo akaongozana na mkewe, Eufrazia, mpaka dukani kwa Mansuri, anayeuza na kutengeneza vyombo vya muziki mjini.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama," Mansuri aliwapokea.

"Marahaba. Mwanangu, nitafutie mlio. Kelele ninazo, nataka mlio."

Mansuri alijua mlio gani. Kila aliyewahi kukaa na mzee huyu dakika tano alishasimuliwa santuri za padri wa misheni ya Matombo, alizozisikia utotoni: gitaa la jazi, sauti nene, ya mviringo, isiyo na makali popote.

Akaunganisha ya kwanza, ya transista. Bartholomeo akagusa nyuzi. "Imefunikwa," akasema. Ya pili ilikuwa na spika kubwa, na Mansuri aliipandisha juu ya kiti ili besi isivume sakafuni. "Nayo imefunikwa." Ya tatu ilikuwa ya taa za kioo ndani, zile za kizamani ambazo husubiri kwanza zipate moto. Harufu ya vumbi lililopata joto ikamrudisha Bartholomeo Matombo, kwenye sakafu ya misheni, mtoto mwenye matope miguuni anasikiliza santuri huku mvua ikinyesha migombani. Alifumba macho. Alitamani sana iwe hii. Akapiga.

Blanketi lilelile.

"Ongeza trebo, hizo sauti nyembamba."

"Mzee, jazi haitaki trebo nyingi. Mimi ningeipunguza..."

"Ongeza!"

Mansuri akazungusha kidogo. Bartholomeo akainuka, akamalizia mwenyewe mpaka kitufe kikagoma, na hapo ndipo mlio ulipoanza kumjia, mtamu, wa mviringo, ule wa padri kabisa. Akageuka afurahi na mkewe.

Eufrazia alikuwa ameziba masikio kwa kanga. Paka wa dukani alishatoka zamani.

Aliishusha kanga haraka, akatabasamu, lakini alikuwa amechelewa. Bartholomeo akaliweka gitaa mapajani. Mlango ulikuwa wazi, na kule juu mlima ulikuwa umezama nusu kwenye ukungu.

"Mansuri," aliuliza taratibu, "hivi nyenje mwaka huu wamekwenda wapi?"

Mansuri alimtazama Eufrazia. Eufrazia akatazama sakafu.

"Wapo, mzee. Tangu asubuhi hawajanyamaza. Hapo nje tu, kwenye mwarobaini."

Bartholomeo akasikiliza. Kimya kilikuwa palepale, kizuri vilevile, na kwa mara ya kwanza kilimtisha. Kumbe blanketi lilikuwa masikioni mwake, na wiki zote hizo alikuwa akiwachoma watu masikio huku akidhani anawagawia asali! Aliona aibu, kisha huzuni, na huzuni ndiyo iliyokaa.

"Ulijua?" alimuuliza mkewe.

"Nilijua. Nilishindwa kukwambia. Ulikuwa unafurahi mno, Baba Upendo."

Bartholomeo akalichukua tena gitaa.

"Njoo ukae hapa kwenye vitufe."

"Mimi? Mimi najua nini?"

"Miaka thelathini na minane unanisikiliza kutoka jikoni. Nani anaujua mlio wangu kukushinda?"

Eufrazia akapiga magoti mbele ya ile ya taa. Bartholomeo alipiga polepole, na badala ya kusikiliza akamtazama mkewe. Trebo ikashuka, uso wake ukakunjuka. Besi ikapanda, akakunja kipaji cha uso, akairudisha. Kwa Bartholomeo kila hatua ilizidi kufunikwa. Noti ziliondoka moja moja zikaingia ukunguni, mpaka zile nyembamba akabaki kuzijua kwa vidole tu. Alitaka sana kumwambia aache. Akaendelea kupiga.

Mkono wa Eufrazia ukatulia. Mabega yakashuka, macho yakajifumba, na midomo ikaanza kuufuata wimbo. Mansuri akaacha kazi aliyokuwa ameishika.

"Hapo?"

"Hapo. Usiguse tena."

Mansuri akatia alama ya chaki kwenye kila kitufe.

Saa kumi, ile ya taa ikiwa bustanini, hakuna aliyehamisha meza. Bartholomeo alipiga huku akiusoma uso wa mkewe aliyekaa mbele yake. Wimbo wa kwanza ulipokwisha, alimwinamia.

"Nyenje bado wapo?"

"Wapo," Eufrazia alisema. "Wakinyamaza nitakwambia."